Chuo Kilichokataa Kufungwa: Wanafunzi wa Garissa na Kazi ya Amani baada ya 2 Aprili 2015

Historia za vyuo vikuu huandikwa kwa majengo, kwa majina ya wakuu wake na kwa hesabu ya waliohitimu. Historia ya Chuo Kikuu cha Garissa haikubali kuandikwa hivyo. Chuo hiki kilianza mwaka 2011 na kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2017. Kati ya miaka hiyo miwili ipo Alhamisi ya 2 Aprili 2015, siku waliyouawa watu 148 ndani ya chuo hicho, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi.

Aprili 2025 ilitimu miaka kumi tangu siku ile. Katika miaka hiyo yameandikwa mengi juu ya wauaji, juu ya askari waliochelewa na juu ya mpaka wa Somalia. Machache yameandikwa juu ya wanafunzi wenyewe: walioingia barabarani Nairobi kabla hata maiti hazijatambuliwa zote, waliohamishiwa Eldoret wakaendelea na masomo, na waliorudi Garissa chuo kilipofunguliwa tena. Hawakuwa na chama kimoja wala kiongozi mmoja, na wengi wao hawakuwahi kujiita wanaharakati. Lakini ukiyatazama waliyoyafanya kwa pamoja, utaona walikataa mambo mawili: wenzao waliokufa wasifanywe tarakimu, na msiba wao usifanywe vita vya dini. Hicho ndicho kiini cha historia ya taasisi hii.

Chuo cha kwanza kaskazini mashariki

Garissa ni mji ulio kando ya Mto Tana, kilomita 370 hivi kutoka Nairobi. Serikali ya ukoloni iliuweka ukanda huo wote kando, na serikali iliyofuata haikuharakisha kuukaribisha. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye sehemu zilizoonekana kuwa na mvua, mashamba na reli, na nchi ya wafugaji ikaachwa nyuma. Tangu mwishoni mwa 1963 hadi 1991 eneo hilo liliishi chini ya sheria za hali ya hatari. Wazee wa Garissa hawajasahau operesheni ya Bulla Kartasi ya mwaka 1980, wala wa Wajir hawajasahau Wagalla, Februari 1984. Si ajabu kwamba mpaka leo utawasikia watu wa huko, wanapofunga safari ya Nairobi, wakisema wanakwenda Kenya.

Kwa hiyo mwaka 2011, kilichokuwa chuo cha ualimu cha Garissa kilipogeuzwa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, mengi yalibadilika. Kilikuwa chuo kikuu cha kwanza cha umma katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Msichana wa Garissa aliyefaulu hakulazimika tena kuwaomba wazazi wamruhusu aende Nairobi au Eldoret. Na kwa sababu nafasi za vyuo vya umma Kenya hugawiwa kitaifa, vijana wa Magharibi, wa Bonde la Ufa, wa Nyanza na wa Mlima Kenya walipangiwa Garissa. Wengi wao hawakuwa wamewahi kufika huko. Walijifunza kustahimili joto, kununua maziwa ya ngamia sokoni na kuamka kwa adhana. Wenyeji nao waliona vijana wa bara wakija kusoma, si kuja na bunduki na magari ya serikali. Kufikia mwaka 2015 chuo kilikuwa na wanafunzi wapatao mia nane, Wakristo na Waislamu wakikaa mabweni yale yale.

Mchanganyiko huo ndio uliolengwa. Kundi la wapiganaji wa Al-Shabaab kutoka Somalia, lililofanya mauaji ya 2 Aprili, lilikuwa limeanza kuutenganisha ukanda ule na nchi nzima. Novemba 2014 wapiganaji wake walilisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu na kuwaua watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda likizo. Baada ya hapo mamia ya walimu kutoka bara walikataa kurudi kaskazini, na shule nyingi zikabaki na mwalimu mmoja au wawili. Chuo kikuu ndicho kilichobaki kuwa mahali pakubwa ambapo vijana wa nchi nzima walikutana.

Alhamisi Kuu

Ilikuwa Alhamisi Kuu, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Onyo lilikuwa limeshatolewa: mnamo 25 Machi Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwatahadharisha wanafunzi wake kwamba kuna taarifa za shambulio linalopangwa dhidi ya chuo kikuu. Hata hivyo Garissa ililindwa na askari wachache tu langoni.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri watu wanne wenye silaha waliwapiga risasi walinzi, wakaingia. Waliwakuta wanafunzi wa Umoja wa Kikristo katika sala ya asubuhi, wakawaua wengi humo humo. Kisha wakaelekea mabwenini, wakiwauliza vijana dini yao kabla ya kuamua nani aishi. Mauaji makubwa yalitokea katika bweni la Elgon. Wanafunzi zaidi ya mia tano waliokolewa au walitoroka, wengine kwa kuruka uzio, wengine kwa kujificha kabatini na chini ya vitanda. Kikosi maalumu cha Recce kilifika kutoka Nairobi kwa kuchelewa, kikamaliza kazi jioni kwa muda mfupi. Shambulio lilikuwa limedumu karibu saa kumi na tano.

Pamoja na wanafunzi 142 waliuawa polisi watatu na wanajeshi watatu. Wengine 79 walijeruhiwa. Kwa Kenya lilikuwa shambulio baya kuliko yote tangu bomu la ubalozi wa Marekani mwaka 1998.

Majina kabla ya hesabu

Maiti zilisafirishwa hadi hifadhi ya maiti ya Chiromo, Nairobi, na wazazi wakakusanyika katika uwanja wa Nyayo wakisubiri kuitwa. Wengi walikuwa wakulima na wachuuzi waliouza ng'ombe au kipande cha shamba ili mtoto asome. Kwa familia nyingi huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika chuo kikuu. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo na kutoa idadi, 147, ambayo baadaye iliongezeka kwa mmoja. Ila orodha ya majina haikutoka haraka.

Hapo ndipo kazi ya vijana ilipoanza. Katika mitandao ya kijamii ulienea wito mmoja: watu 147 si namba tu. Marafiki, wanafunzi waliosoma nao sekondari na binamu walianza kuweka picha na maelezo mafupi: huyu alitaka kuwa mwalimu wa hisabati, huyu aliimba kwaya, huyu alikuwa amebakiza muhula mmoja. Hakuna ofisi iliyowatuma. Walifanya kazi ambayo kwa desturi zetu ni ya jamaa na majirani: kumtaja marehemu kwa jina, ukoo na kijiji, ili ajulikane ni nani aliyeondoka.

Jumanne ya 7 Aprili mamia ya wanafunzi waliandamana katikati ya Nairobi. Walidai ulinzi kwa vyuo, na walitaka kuelezwa kwa nini msaada ulichelewa. Jioni yake watu walikusanyika Uhuru Park, penye kona iitwayo Freedom Corner, wakawasha mishumaa, wakasimika misalaba na kuyasoma majina. Mahali penyewe pana historia. Mwaka 1992 Wangari Maathai na akina mama wa wafungwa wa kisiasa waligoma kula hapo hapo wakidai watoto wao waachiliwe. Wanafunzi wa Kenya nao walikuwa na mila yao ya kuandamana inayorudi nyuma angalau hadi kuuawa kwa mbunge J. M. Kariuki mwaka 1975. Ila safari hii kulikuwa na tofauti. Maandamano ya zamani yalimkabili mtawala. Haya yalikuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuidai serikali itimize wajibu wake, na kuwazuia wananchi wasigeukiane.

Dhidi ya kugawanyika

Hatari ya kugeukiana ilikuwa ya kweli. Siku chache baada ya shambulio ndege za Kenya zilipiga kambi za Al-Shabaab nchini Somalia. Kafyu ilitangazwa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Serikali ilifunga akaunti za benki za watu na mashirika 86, zikiwemo za kampuni za hawala ambazo familia nyingi za Kisomali hutegemea kupokea fedha, na za mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, Haki Africa na Muhuri, ambayo baadaye yalishinda kesi mahakamani. Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, alitaka kambi ya wakimbizi ya Dadaab ifungwe katika muda wa miezi mitatu, ingawa ilikuwa na wakimbizi wasiopungua laki tatu waliokimbia vita vya Somalia. Mtaani, mtu mwenye sura ya Kisomali alianza kutazamwa vibaya akipanda matatu.

Wenyeji wa Garissa hawakungoja watetewe. Walitoka barabarani kulaani mauaji, na walijitokeza kutoa damu kwa majeruhi. Kwa mji uliowahi kuadhibiwa wote kwa makosa ya wachache, haikuwa hatua ndogo kusimama hadharani dhidi ya kundi ambalo lingeweza kulipiza kisasi usiku ule ule. Wanafunzi Waislamu wa vyuo vya Nairobi na kwingineko walisimama pamoja na wenzao Wakristo. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na Al-Shabaab hawakuficha kwamba furaha yao ilikuwa hiyo: kuwafanya Wakenya wajipange kwa dini.

Kisha lilikuja jambo lililowauma wasomi zaidi kuliko wengine. Serikali ilimtambua mmoja wa wauaji wanne: kijana wa Mandera, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu ambaye alikuwa ameripoti kwamba mwanawe ametoweka. Na aliyetajwa kuwa mpangaji mkuu wa shambulio aliwahi kufundisha madrasa Garissa kwenyewe. Maelezo yaliyozoeleka, kwamba ugaidi ni zao la umaskini na ujinga na kwamba dawa yake ni kuongeza shule, hayakutosha tena. Kijana huyo alikuwa amekaa kwenye madawati yale yale, akafanya mitihani ile ile, na alionekana kuwa na kesho nzuri. Harakati za amani za wanafunzi zililazimika kuanza na swali lisilopendeza: vyuoni kwetu ni nani anayeona mwenzake anapoanza kujitenga, na akiona, anamwambia nani bila kumkabidhi kwa watu watakaompoteza?

Sehemu ya pili ya swali hilo haikuwa ya kubuni. Wakati huo vijana wa Pwani na wa kaskazini walikuwa wakitoweka baada ya kukamatwa, na familia zilikuwa zikiogopa kuripoti watoto waliovutwa na wapiganaji kwa sababu ziliogopa polisi vile vile. Mkakati wa kitaifa dhidi ya itikadi kali uliozinduliwa Septemba 2016 uliweka kwenye maandishi walichokuwa wakikisema vijana: bila imani kati ya raia na vyombo vya usalama, taarifa hazitoki.

Hofu iliyobaki vyuoni

Amani haikurudi kwa mishumaa. Kabla ya mapambazuko ya 12 Aprili 2015, siku kumi baada ya Garissa, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya mia moja waliumia. Mwishoni mwa Novemba mwaka huo huo, zoezi la usalama katika Chuo Kikuu cha Strathmore, lililofanywa kwa milio ya risasi, lilizua taharuki iliyomuua mfanyakazi mmoja wa chuo. Watu hawa hawamo kwenye orodha ya waliouawa Garissa, ila vifo vyao ni sehemu ya deni lile lile. Mtu anayehesabu madhara ya ugaidi kwa risasi peke yake hukosea hesabu.

Walionusurika walihamishiwa kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi, Kesses, karibu na Eldoret. Walifika na nguo za kupewa, bila daftari, bila simu, na wakapangiwa vyumba na wanafunzi ambao hawakujua waseme nini. Kulikuwa na washauri nasaha, lakini hofu haikuisha upesi. Kusoma katika hali hiyo, kufanya mitihani na kuhitimu kulihitaji ushupavu usioonekana kwenye picha. Wengi walimaliza. Wengine ni walimu leo, na wako madarasani wakifundisha watoto waliokuwa wachanga mwaka ule.

Kurudi Garissa

Kwa miezi tisa lango la chuo lilifungwa. Haikuwa hakika kwamba litafunguliwa tena, kwa sababu wapo waliouliza ni mzazi gani angempeleka mtoto mahali pale. Viongozi na wakaazi wa kaskazini walisisitiza kwamba kukifunga kungewapa washambuliaji ushindi waliokuja kuutafuta. Januari 2016 chuo kilifunguliwa, kikiwa na kituo cha polisi ndani ya uwanja wake. Wafanyakazi walitangulia, wanafunzi wakafuata.

Waliokuja mwanzo walikuwa wachache sana, na wengi wao walikuwa wenyeji wa Garissa waliokuwa wakijilipia karo. Ukumbi uliowahi kujaa ulikuwa na safu chache za watu. Lakini hao wachache walijua maana ya kuonekana wakipita langoni na vitabu kila asubuhi. Kila siku waliyohudhuria ilikuwa siku ambayo chuo kilibaki chuo. Mkuu wake, Profesa Ahmed Warfa, aliyekiongoza wakati wa shambulio, ndiye aliyesimamia ufunguzi na kazi ndefu ya kuwashawishi wengine warudi. Polepole wanafunzi wa kaunti nyingine walianza tena kupangiwa Garissa na kukubali kwenda. Mwaka 2017 kikapata hati yake na kuacha kuwa tawi la Moi. Ni vigumu kupata taasisi nyingine Afrika Mashariki iliyopandishwa hadhi katika muda mfupi hivyo baada ya kukaribia kufutwa.

Kila 2 Aprili chuo hufanya kumbukumbu, na Waislamu na Wakristo husali kwa ajili ya waliokufa.

Wakati chuo kikijiandaa kufunguliwa, mfano wa mshikamano kama huo ulitokea barabarani kaskazini zaidi. Desemba 2015 wapiganaji walilisimamisha basi karibu na Mandera na kuwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Walishikamana na wenzao, na wengine waliwapa wanawake Wakristo vitambaa vya kujifunika kichwa. Mwalimu Salah Farah, naibu mkuu wa shule Mandera, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Rais alimtunukia nishani baada ya kifo chake. Tukio hilo liliwafikia wanafunzi wa filamu wa Hamburg Media School, Ujerumani, wakaja Kenya kutengeneza filamu ya kuhitimu iitwayo Watu Wote, iliyoongozwa na Katja Benrath. Ilishinda tuzo ya dhahabu ya Oscar za wanafunzi mwaka 2017, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania Oscar yenyewe. Ulimwengu ukaliona jambo ambalo Wakenya wa kaskazini walikuwa wakilisema tangu mwanzo: jirani yako si adui yako kwa sababu muuaji amelitumia jina la dini yake.

Hesabu iliyobaki

Kesi ya waliosaidia shambulio ilimalizika mwaka 2019. Watatu walipatikana na hatia. Mmoja wao, kijana wa Tanzania, alihukumiwa kifungo cha maisha, na wawili miaka 41 kila mmoja. Mshtakiwa mwingine aliachiliwa. Kwamba mtuhumiwa mmoja alitoka Tanzania ni jambo la kutukumbusha kwamba wapiganaji hawa hawakutafutwa Somalia na kaskazini mwa Kenya pekee. Waliandikishwa kotekote katika ukanda wetu, na kazi ya kuwazuia vijana wasivutwe si ya Garissa peke yake.

Hukumu hizo zilimaliza kesi, hazikumaliza maswali. Baadhi ya maafisa wa usalama walisimamishwa kazi mwaka 2015, ila familia hazijaacha kuuliza ni kwa nini saa zile zilipita bila msaada. Walionusurika bado wanahitaji tiba ya akili ya muda mrefu, si ya wiki za kwanza tu. Wazazi waliozeeka bila mtoto waliyemsomesha bado wanasubiri fidia inayolingana na walichopoteza. Wanafunzi waliodai haya katika Aprili 2015 walikuwa wakifanya kazi ya amani, kwa kuwa amani isiyo na majibu huanza kulegea mapema.

Kwa hiyo kumbukumbu ya miaka kumi haikupaswa kuishia katika kukipongeza chuo kwa kudumu. Kinachodaiwa kwa taasisi yoyote iliyopitia jambo kama hili kiko wazi: ihifadhi orodha kamili ya majina pamoja na kumbukumbu za walionusurika, itoe ushauri nasaha wa kudumu kwa wanafunzi wake, na iifundishe historia hii darasani badala ya kuiachia siku moja ya mwaka. Pia kuna jambo ambalo serikali lazima ilifanye kwa niaba ya vijana hawa: kuhakikisha nafasi za Garissa zinaendelea kujazwa na vijana wa kaunti zote, wakilindwa kabla ya onyo kutimia na si baada yake. Wapiganaji walikuja kuhakikisha kijana wa Kakamega na kijana wa Garissa hawakai darasa moja. Kipimo cha kushindwa kwao ni kile kile kila muhula: nani amepangiwa Garissa, nani amekuja, na wanakaa pamoja au la.